Mto wa Kuvuka na Mto wa Kuteremka

Lori lililosheheni mbuzi hutoka Garissa kwenda Nairobi na kuuvuka mto Tana kwa muda usiozidi dakika mbili. Dereva anatazama mbele, anakojua kuna kizuizi cha polisi. Utingo aliyekaa juu ya mzigo anawahesabu mbuzi. Chini yao, juu ya maji yenye rangi ya chai ya maziwa, mtumbwi unateremka polepole na mkondo. Mtu mmoja amesimama nyuma na pondo mkononi; mwenziwe amechutama mbele, anakusanya wavu. Hakuna anayewatazama kutoka darajani, na wao hawana habari na lori.

Historia ya Garissa, kwa sehemu kubwa, imesimuliwa kutoka juu ya daraja hilo. Ni historia ya waliovuka: wafugaji na ngamia wao, askari, mabwana shauri, wachuuzi wa mifugo, wakimbizi, wanasiasa. Mto wenyewe hutajwa kama kizuizi au kama mpaka. Lakini kuna historia nyingine inayokwenda kwa urefu wa maji, ya watu ambao kwao Tana haikuwa kitu cha kuvuka. Ilikuwa njia, shamba na ghala la chakula. Wao ndio waliokuwapo kabla ya mji, na ndio wanaosahaulika kwanza mji unaposimuliwa.

Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, karibu kilomita 1,000. Vijito vyake huanza kwenye baridi ya Nyandarua na Mlima Kenya, hukusanyika, hushuka kwa kelele hadi nyanda kavu za mashariki, kisha hutulia na kuanza kujipindapinda kupitia Garissa, Hola na Garsen hadi Bahari ya Hindi kule Kipini. Katika safari hiyo ya nyanda za chini hakuna mto mwingine wa kudumu unaouongezea maji. Kuna laga tu, mabonde makavu yanayopata uhai mvua ikinyesha na kufa wiki chache baadaye. Maji yanayopita Garissa wakati wa Jilaal, msimu wa ukame mkali, ni mvua ya mlimani iliyosafiri mamia ya kilomita kuja mahali pasipo na wingu.

Wapokomo huuita mto huu Tsana. Kwa Wasomali ni webi, kwa Waorma ni galana, na maneno yote mawili maana yake ni mto tu, kama vile hakuna mwingine wa kuuchanganya nao. Ila neno la maana zaidi katika lugha ya wafugaji wa eneo hili si mto wenyewe. Ni malka: mahali pa kuufikia mto, njia iliyokanyagwa na kwato ambayo ng'ombe na ngamia huifuata kwenda kunywa. Neno hilo limesambaa kaskazini yote. Mbuga ya Malka Mari, kule Mandera kwenye mto Daua, imelibeba kwenye jina lake. Mfugaji anaijua Tana kwa malka zake, mahali hapa na pale, kama mtu anavyoijua nyumba kwa milango yake.

Mwenye mtumbwi ana ramani nyingine. Yeye anajua kona, vina, visiki vilivyozama, mchanga uliohama tangu mafuriko yaliyopita, na shimo alipolala kiboko. Kati ya milango miwili ya mfugaji kuna mto mzima ambao mfugaji hana haja nao.

Wenye ramani hiyo wamekuwa Wapokomo upande wa chini, na kuelekea Garissa na juu zaidi, Wamalakote, wanaojiita pia Wailwana, pamoja na Wamunyoyaya. Hawa wa mwisho ni fumbo zuri kwa mwanahistoria: wanasema Kioromo, lugha ya wafugaji, lakini wanaishi kwa jembe na ndoana kando ya maji. Majirani waliwaita Korokoro, na jina hilo ndilo Wazungu wa karne ya 19 walilolichukua na kulitumia kwa sehemu hii ya mto, kabla jina la Garissa halijapata uzito wowote kwenye ramani. Watu hawa wote walilima tope lililoachwa na mafuriko, wakapanda mahindi, ndizi na mpunga, na maji yalipopanda mno kwa kilimo, walivua.

Ni watu ambao Kenya huwaimba bila kujua. Wimbo wa taifa ulioandaliwa mwaka 1963 umejengwa juu ya sauti ya wimbo wa Kipokomo wa kumbembeleza mtoto. Mamilioni husimama wima kila wiki kwa ajili ya wimbo wa kulaza, uliotoka kwenye kingo za mto ambao wengi wao hawajawahi kuuona.

Mtumbwi wao ulianzia msituni, na msitu ulianzia kwenye mafuriko. Kandokando ya Tana kuna ukanda mwembamba wa miti mirefu, mikuyu na jamaa zake, ambao ukitoka ndani yake kwa dakika chache unajikuta tena kwenye migunga na vumbi. Kati ya miti hiyo upo mmoja wa ajabu: popla ya Tana, ambayo wataalamu huiita *Populus ilicifolia*. Popla ni miti ya Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini. Huyu ni binamu aliyepotea njia na kubaki kwenye mito michache ya Kenya, Tana ikiwa mojawapo. Ubao wake ni mwepesi na gogo lake hunyooka, kwa hiyo mafundi wa mitumbwi waliupenda. Lakini mbegu yake ina masharti. Huota kwenye mchanga na tope jipya lililoachwa na maji ya mafuriko, mahali pasipo na kivuli cha mti mwingine. Mto usipofurika, popla huzeeka bila mrithi.

Gogo huchongwa kwa shoka na tezo, huchimbwa ndani mpaka kuta zibaki nyembamba bila kupasuka, na matokeo yake ni chombo chembamba, kirefu, kisicho na mkuku. Kikitazamwa ukingoni huonekana kama kitu cha kuzama. Majini kina akili yake. Kwenda juu, mwendeshaji hujibana kwenye upande wa ndani wa kona, ambako mkondo ni dhaifu, akisukuma sakafu ya mto kwa pondo, hatua kwa hatua. Kwenda chini, hufanya kazi ndogo zaidi na ngumu zaidi: huuachia mto. Pondo hugeuka kuwa usukani. Kazi yake ni kuiweka ncha ya mtumbwi pale maji yanapotaka kwenda, sekunde mbili kabla maji yenyewe hayajaamua.

Uvuvi wa kuteremka namna hiyo hauhitaji zaidi ya watu wawili wanaoelewana, na kuelewana ndiyo sehemu kubwa ya vifaa. Wa nyuma huongoza. Wa mbele ana wavu, mkuki au mshipi. Hawawezi kubadilishana maneno mengi, kwa sababu kelele hufukuza samaki na huamsha wengine wasiotakiwa. Mamba wa Tana si hadithi ya kutishia watoto. Ndiyo maana zana nyingi za mto huu zimebuniwa ili mtu asikae majini: migono, yaani mitego iliyosukwa kama vikapu na kuachwa mdomoni mwa kijito, mishipi ya ndoana nyingi inayofungwa jioni na kukaguliwa alfajiri, uzio wa fito unaoziba njia pale maji ya mafuriko yanaporudi mtoni na samaki wakayafuata.

Samaki wenyewe ni kambare, perege, na aina kadhaa za samaki wa magamba wanaopanda mto mvua zinapoanza. Mmoja wao, *Labeo gregorii*, alipewa jina mwaka 1894 na mtaalamu wa London, Albert Günther, kwa heshima ya J. W. Gregory, mwanajiolojia aliyepita Kenya mwaka 1893 na kuliandikia kitabu Bonde la Ufa. Kwenye mabwawa ya tope ya chini yupo kamongo, mwenye mapafu, anayejichimbia ardhini maji yakikauka na kusubiri mvua kama mtu aliyefunga duka.

Halafu yupo mkunga, ambaye safari yake hueleweka vizuri zaidi tukianzia mbali. Kule Oregon na Washington, nchini Marekani, kuna watu wanaopanga mwaka wao mzima kwa ajili ya samaki mmoja, stilihedi, jina lenye maana ya kichwa cha chuma. Huzaliwa kwenye mto wa baridi, huenda baharini kunenepa, kisha hurudi kupanda mto ule ule kuzaa. Marafiki wawili au watatu huteremka kumtafuta kwa mashua maalumu, bapa chini na iliyopinda kama ndizi, iliyopata umbo lake kwenye mto McKenzie wa Oregon. Mpiga makasia hukaa akitazama mbele, anaisukuma mashua kinyume cha maji ili ishuke polepole kuliko mkondo. Mwendesha pondo wa Madogo, ng'ambo ya daraja la Garissa, angeielewa kazi hiyo bila mkalimani.

Jambo ambalo wengi wa Garissa hawalijui ni kwamba stilihedi ana ndugu kwenye mto wao. Stilihedi ni trauti wa upinde wa mvua aliyeamua kwenda baharini, na trauti huyo yuko Kenya tangu mwanzo wa karne ya 20. Walowezi walioikumbuka mito ya kwao walianza na trauti wa kahawia, aliyeletwa na Ewart Grogan mwaka 1905 na kuwekwa mto Gura, Nyandarua. Wa upinde wa mvua akafuata miaka michache baadaye. Mwaka 1948 serikali ikajenga kituo cha kuwazalisha Kiganjo, karibu na Nyeri. Gura ni maji ya Tana. Kwa hiyo juu kabisa ya mto unaopita chini ya daraja la Garissa anaogelea samaki mwenye damu ya msafiri wa baharini, lakini amefungiwa mlimani na joto. Akiteremka hadi nyanda za chini atakufa kabla hajaiona bahari.

Mkunga hufanya safari ya stilihedi kinyume. Huzaliwa mbali ndani ya Bahari ya Hindi, hufika mdomoni mwa Tana akiwa mdogo kama uzi wa kioo, hupanda, hupita Garissa, hukaa mitoni miaka mingi, na siku moja hugeuka na kuteremka kwenda kuzaa baharini na kufa huko. Wavuvi wengi humchukia kwa sababu anateleza na anafanana na nyoka. Kwa umbali aliosafiri, anastahili salamu.

Upande wa pili wa mto, samaki hakuwa na heshima yoyote. Kwa mfugaji wa Kisomali au wa Kiorma wa zamani, chakula ni maziwa na nyama, na utajiri ni kitu kinachotembea. Kula samaki kulionekana ishara ya mtu aliyepoteza mifugo. Dini haikuwa na neno hapo, kwani Uislamu umemhalalisha samaki, na Wabajuni na watu wa Baraawe, Waislamu wa pwani wa karne nyingi, wameishi naye. Ilikuwa hadhi. Mazoea hayo yalipata mtihani mkubwa Somalia, ukame wa Dabadheer ulipowafilisi wafugaji mwaka 1974 na 1975. Serikali ya Siad Barre iliwahamisha maelfu kwa maelfu, na baadhi yao wakapelekwa kuwa wavuvi Baraawe, Cadale na Eyl, watu ambao mwaka mmoja kabla walikuwa wakihesabu ngamia. Mvua iliporudi wengi waliziacha nyavu wakarudi malishoni. Wengine walibaki, na watoto wao leo wanakula samaki bila kufikiri mara mbili.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba mkulima wa mtoni na mfugaji walikuwa maadui wa kudumu. Walitazamana kwa dharau kidogo na kuhitajiana sana. Wakati wa ukame maziwa yalikwenda mtoni na nafaka ikapanda nchi kavu. Mwenye mtumbwi alivusha watu, ndama na maiti. Ugomvi ulikuja pale malka ilipopita katikati ya shamba la mtu. Bado unakuja.

Wageni wa Ulaya walipoanza kuvutiwa na nyanda hizi walifanya kosa ambalo wenye mitumbwi wasingelifanya: waliutazama mto kwenye karatasi. Mstari wa buluu kutoka pwani hadi kwenye milima ya theluji! Nani atatembea kwa miguu? Mwaka 1865 baroni wa Kijerumani, Karl Klaus von der Decken, aliupanda mto Juba wa Somalia kwa meli ya mvuke iitwayo Welf. Ilivunjika kwenye maporomoko juu ya Bardera, naye akauawa Bardera. Mwaka 1878 Clemens Denhardt na daktari G. A. Fischer walijaribu Tana, wakafika mahali paitwapo Massa. Mwaka 1889 akaja Carl Peters, kwa kisingizio cha kumwokoa Emin Pasha, gavana aliyekwama Sudan, akapandisha mizigo kwa mitumbwi ya Wapokomo na kuacha nyuma yake damu na vijiji vilivyonyang'anywa chakula. Alijisifia mwenyewe katika kitabu.

Kisha ikaja zamu ya Waingereza. Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, iliyopewa hati mwaka 1888, ilileta meli ya mvuke yenye gurudumu nyuma, Kenia, chini ya kamanda wa jeshi la majini F. G. Dundas. Mwaka 1891 aliongoza msafara wa Tana ulioulenga Mlima Kenya, na kati ya waliofuatana naye alikuwamo kijana C. W. Hobley, baadaye afisa mkubwa wa serikali ya kikoloni. Mwaka uliofuata Kenia ikaingizwa Juba, ikafika Bardera, na Dundas akaikuta Welf imelala kwenye miamba yake baada ya miaka 27. Mmarekani tajiri William Astor Chanler naye alifika mwaka huo wa 1892 akiwa na Ludwig von Höhnel. Walifuata Tana, wakaiacha, wakakata nyika kwenda kutafuta ziwa la Lorian lililosifiwa na wenyeji. Walikuta kinamasi.

Ndoto ya Tana kuwa barabara ya meli haikuuawa na vita. Iliuawa na mchanga, visiki na kona. Meli ya mvuke inahitaji kina na kuni. Mtumbwi unahitaji shubiri chache za maji na mtu anayekumbuka. Reli ilipoanza kutandikwa Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwa Victoria mwaka 1901, Tana ikasahauliwa na wenye mitaji, na mitumbwi ikarudi kuwa peke yake.

Kuna kisa kimoja cha karne ya 19 ambacho kinapaswa kujulikana zaidi. Zamani Tana haikuingia baharini Kipini. Mdomo wake ulikuwa kusini zaidi, wenye mawimbi na fungu la mchanga la hatari kwa vyombo vidogo. Ili kulikwepa, watu walichimba mfereji mwembamba, Belezoni, kuuunganisha mto Tana na mto Ozi ulio jirani, upana wa kutosha mtumbwi tu. Mto ukaupenda. Mafuriko yakauchimba na kuupanua, mpaka mwishoni mwa karne hiyo Tana ikauacha mdomo wake wa asili na kupita njia ya mitumbwi. Mainjinia wa meli walishindwa kuubadilisha mto huu. Wenye mitumbwi waliubadilisha bila kukusudia.

Serikali ya kikoloni, iliposhindwa kuutumia mto kwa urefu, iliutumia kwa upana. Tana ikawa mstari. Wasomali wakae mashariki yake, Waorma magharibi. Na nchi yote ya kaskazini, Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ikafungwa kwa sheria: ile ya 1902 ya wilaya za mbali, na ile ya 1934 ya wilaya maalumu. Kuingia na kutoka kulihitaji kibali. Makao ya wilaya yakawekwa Garissa, penye kivuko. Vita Kuu ya Pili vilipofika mwaka 1940, mto ukageuzwa handaki: majeshi ya Afrika Magharibi, wakiwemo askari wa Gold Coast, walikaa hapo kuwasubiri Waitalia waliokuwa ng'ambo ya mpaka. Mapema mwaka 1941 walivuka wao. Kismayo ilianguka tarehe 14 Februari, Mogadishu tarehe 25.

Uhuru haukuufuta mstari. Hali ya hatari ilitangazwa kaskazini-mashariki wiki mbili baada ya bendera kupandishwa, Desemba 1963, na vita vilivyoitwa vya mashifta vikaendelea hadi 1967. Sheria zake nyingine zilibaki kazini hadi 1991. Hapo ndipo daraja lilipopata maana yake ya uchungu. Mtu wa Garissa aliyevuka kwenda Nairobi aliwaambia jamaa zake kwamba anakwenda Kenya. Msemo huo bado unasikika, nusu mzaha. Vitambulisho vilikaguliwa darajani, mzigo ukafunguliwa, wazee wakapangwa foleni juani. Kwa mvuvi wa kambare, ambaye kazi yake huanza giza likiingia, amri ya kutotoka nje usiku ni sawa na kuufungia mto kwa kufuli.

Hata leo kaunti mbili zinazotazamana, Garissa na Tana River, hazikubaliani mpaka uko wapi: katikati ya maji, au maili tatu ndani ya ukingo wa mashariki, kama wanavyodai watu wa mtoni kwa kurejea mipaka ya wakati wa uhuru. Ukitazama ramani ya watu wa mitumbwi, hoja ya maili tatu inaeleweka. Walilima kingo zote mbili. Kuuchukua mto kuwa mpaka ni kumkata mkulima wa Kimunyoyaya katikati.

Wakati wanasiasa wakigombania mstari, mabadiliko makubwa zaidi yalikuwa yakijengwa mbali, juu ya mto. Kindaruma ilikamilika mwaka 1968. Kamburu ikafuata 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988: mabwawa matano ya umeme, yakipangana kama ngazi. Masinga peke yake ilijengwa iweze kuhifadhi zaidi ya mita za ujazo bilioni moja na nusu. Nairobi ilipata taa. Nyanda za chini zilipata mto uliofundishwa adabu. Mafuriko madogo ya kila mwaka, yale yaliyoleta tope, kujaza mabwawa ya kando na kufungulia samaki mlango wa kwenda kuzaa mashambani, yalipungua. Tope likabaki Masinga. Popla ya Tana, inayotaka mchanga mpya, ikawa na miche michache. Mkunga mchanga anayepanda kutoka baharini sasa anakutana na ukuta wa saruji, na anayeteremka anakutana na mitambo. Mto haukuacha ukaidi wake hata hivyo: mwaka 1989 ulihama njia karibu na Hola na kuziacha pampu za mradi wa umwagiliaji zikiwa zimesimama mbele ya mchanga mkavu.

Mitumbwi ya magogo imepungua pamoja na magogo. Mahali pake wapo wanaounga mbao, wengine wana boti za fibre zenye mashine. Na samaki, yule aliyedharauliwa, amepanda cheo kimyakimya. Garissa ya leo ni mji mkubwa, wenye watu kutoka Kismayo, Lamu na Kisumu, na wageni huja na matumbo yao. Labda homa ya Bonde la Ufa nayo ilisaidia. Ilipolipuka baada ya mvua za El Niño za 1997 na tena mwishoni mwa 2006, wilaya ya Garissa ikiwa kati ya zilizoumia zaidi, mifugo ilikufa, na katika mlipuko wa pili kuchinja kukapigwa marufuku. Katika wiki hizo mto ulikuwa na nyama isiyougua homa hiyo.

Mabwawa yalipunguza mafuriko madogo, lakini makubwa hayakuomba ruhusa. Ya 1961 bado hutumiwa na wazee kuhesabia umri wa watu. Ya 1997 yaliukata mji na nchi nzima. Novemba 2023 mvua za El Niño ziliijaza tena Tana, na Aprili 2024 maji yakarudi kwa hasira zaidi. Mitaa ya Ziwani, Bakuyu na Bulla Punda ilizama, na barabara kuu ya Nairobi ikatoweka chini ya maji upande wa Mororo na Madogo, pale Kona Punda. Daraja lilikuwa zima. Nchi ya kulifikia ndiyo iliyoondoka.

Ghafla kila mtu alihitaji mwenye boti. Walimu, wagonjwa, wachuuzi wa miraa, maafisa wenye mifuko ya kompyuta, wote walisimama kwenye foleni ukingoni wakibishana nauli, juu ya lami ambayo juzi tu waliipita wakisinzia ndani ya basi. Boti zilijazwa kupita kiasi. Tarehe 28 Aprili moja ilipinduka Kona Punda; watu 23 waliokolewa na wengine wakapotea majini. Mkondo unaokatiza barabara iliyozama si sawa na mkondo wa mtoni: unavuka kwa ubavu, una nguzo, nyaya, na kingo za lami chini yake, na hauna mwalimu. Lakini kanuni ya kwanza ya pondo ilikuwa ile ile, kwamba maji hayapewi ubavu wa chombo, na walioijua walikuwa wachache wakati ule kuliko waliokuwa na mashine na haraka.

Baadaye maji yalipungua, barabara ikakarabatiwa, na malori ya mbuzi yakarudi kupita kwa dakika mbili. Katika mashamba ya migomba ya kando, kama ilivyo kila baada ya mafuriko, kulibaki madimbwi yaliyokatwa na mto, yenye tope zito na joto. Kambare hukwama humo, migongo ikionekana juu. Wenye migono huyaendea asubuhi mapema, kabla ya korongo.